Kupumzisha mota ya boti Ziwa Kivu: maswali yanayoulizwa mara kwa mara

Ukurasa huu ni wa wenye maboti madogo ya Goma, Bukavu, Idjwi, Minova na Kalehe: kanoti za watu wachache, mitumbwi ya mbao yenye mota nyuma, na zile boti chache zenye kibanda na choo. Hatuzungumzii meli. Majibu yanahusu mota itakayokaa bila kufanya kazi kwa mwezi mmoja au zaidi, iwe mwenyewe amesafiri, biashara imelala, au kiangazi kimeleta upepo wa kusini na wateja wameanza kuogopa mawimbi.

Huku hatuna barafu. Kwa nini nihangaike na kazi ya Wazungu?

Kazi hiyo, yaani kuiandaa mota kabla ya kuipumzisha, ina nusu mbili. Nusu ya kwanza inapambana na baridi. Ulaya na Amerika ya Kaskazini, maji yaliyobaki ndani ya mota huganda, na maji yakiganda hutanuka kwa karibu asilimia 9. Chuma hakina pa kwenda, kinapasuka. Nusu hiyo waachie wenyewe. Ziwa letu liko kwenye mita 1,460 hivi juu ya usawa wa bahari, usiku wa Goma hushuka hadi nyuzi 14 au 15, basi.

Nusu ya pili inapambana na esansi (petroli) iliyochacha, unyevu, kutu, panya na nyigu. Hiyo ni yetu kabisa, na huku inakwenda mbio kuliko kwao kwa sababu joto na unyevu havipumziki. Mota nyingi zinazoletwa kwa fundi zikisemekana "imekufa yenyewe, mimi sikuigusa" zimekufa kwa sababu hiyo hiyo ya kutoguswa.

Nianze na nini?

Anza na maji safi. Maji ya Kivu si ya bahari, lakini si sawa na maji ya mvua pia. Yana madini mengi yanayoletwa na chemchemi za chini zinazopita kwenye miamba ya volkano, na pH ya juu ya ziwa inakaribia 9. Ule utando mweupe unaouona kwenye mawe mengi ya ufukweni unaweza kujijenga pia ndani ya mifereji inayopooza mota. Ongeza mchanga mweusi wa lava, ambao hula mpira wa pompo ya maji kama msasa.

Kwa hiyo weka mota kwenye pipa lililojaa maji ya bomba ya Regideso au ya mvua, maji yafunike matundu ya kuvutia na kupita juu ya usawa wa pompo. Toa elisi (ile panga inayozunguka majini) kwanza ili isirushe maji na isimkate mtu. Washa, iache ikiunguruma polepole dakika 10 hivi, uangalie kijito cha maji kinachotoka nyuma. Kikiwa chembamba au cha moto sana, usiseme "nitaona nikirudi". Ama tundu limeziba, ama mpira wa pompo umekwisha.

Na kamwe usiwashe mota ikiwa kavu, hata kwa "kuisikiliza kidogo tu". Mpira wa pompo unalainishwa na maji yenyewe. Ukikauka unaungua kwa muda mfupi kuliko unavyodhani.

Esansi niimalize, nijaze tangi, au nimwage?

Hapa ndipo penye ugomvi, na hapa ndipo mota nyingi zinapofia, kwa hiyo tuvumiliane.

Esansi ina sehemu nyepesi zinazoruka hewani na sehemu nzito zinazobaki. Ikikaa ndani ya kikombe cha kabureta, kifaa kinachochanganya esansi na hewa, ambacho kinashika kiasi kidogo sana, zile nyepesi zinaondoka na zile nzito zinageuka gundi ya rangi ya asali. Gundi hiyo inaziba jikleri, yaani kile kitundu chembamba kuliko sindano kinachopitisha esansi. Ukirudi, mota inawaka na kuzima, inawaka na kuzima, au inakubali tu ukivuta choki. Ndugu, hapo usinunue buji (plagi ya cheche) mpya. Fungua kabureta.

Ushauri wa vitabu vya nje ni kutia dawa ya kuhifadhi esansi, kuendesha mota dakika 10 ili dawa ifike hadi kabureta, kisha kuacha tangi likiwa karibu kujaa ili unyevu wa hewa usipate nafasi ya kugeuka matone. Ni ushauri mzuri kwa tangi lililojengwa ndani ya boti, ukiwa na dawa hiyo. Lakini wengi wetu tuna tangi la plastiki la kubeba, na esansi tumeinunua kwa bidoni kwa kadhafi, yaani muuza esansi wa kando ya barabara, ambaye naye hajui imekaa wapi kabla. Esansi hiyo inaweza kuwa na maji, mafuta ya taa, au vyote viwili. Kuihifadhi kwa miezi mitatu ni kuhifadhi shida. Kwa tangi la kubeba mimi nasema: limalize. Esansi inayobaki itie kwenye pikipiki au jenereta wiki hiyo hiyo, ila ile iliyochanganywa na mafuta ya mota za mipigo miwili isiingie kwenye mashine ya mipigo minne. Tangi liache kavu, mfuniko umefungwa, mahali pasipofika jua.

Kwenye mota ya kabureta, chomoa tiyo ya esansi mota ikiwa inafanya kazi ndani ya pipa, iache ichome esansi iliyobaki mpaka izime yenyewe. Bado haijaisha: chini ya kila kikombe cha kabureta kuna skrubu ya kumwagia. Ifungue, weka kitambaa au kopo, mwaga matone ya mwisho. Yaangalie kabla ya kuyatupa. Ukiona vishanga vya maji vinaviringika chini ya esansi, umepata jibu la kwa nini mota ilikuwa ikikohoa katikati ya ziwa.

Kazi hii ifanyie nje. Mvuke wa esansi ni mzito kuliko hewa, hutambaa chini hadi kwenye mbabula ya jirani. Na esansi isiwekwe kwenye chupa ya maji ya kunywa nyumbani penye watoto.

Mota yangu haina kabureta, ni ya sindano zinazopuliza esansi. Nayo niikaushe?

Hapana. Pompo ya esansi ya mota za sindano inapoozwa na kulainishwa na esansi yenyewe, kwa hiyo kuiendesha hadi ikauke ni kuiumiza. Kwa mota hiyo tafuta dawa ya kuhifadhi, esansi safi ya kituo, na filta mpya. Fuata kitabu chake.

Ndani ya silinda nitie nini?

Mafuta. Ukuta wa silinda ni chuma kilicho uchi, na mota za mipigo miwili hazina sampu, yaani bakuli la mafuta, kule chini: mafuta yake huja pamoja na esansi, esansi ikikatika nayo yamekatika. Rulema za kranki zinabaki na ule utelezi mwembamba wa mara ya mwisho.

Ulaya wana mafuta ya kupuliza ya makopo, wanayapuliza kwenye mdomo wa hewa mota ikiwa inaunguruma hadi itoe moshi mzito na kuzima. Ukiyapata, vizuri. Usipoyapata, toa buji, mimina kijiko cha chai cha mafuta ya mipigo miwili katika kila silinda, kisha vuta kamba polepole mara kadhaa ili pistoni iyasambaze. Kabla ya kuvuta, chomoa kile kifungo cha usalama chenye kamba nyekundu, na waya za buji ziguse chuma cha mota. Cheche isiyo na pa kwenda inaweza kuharibu boksi la umeme, na boksi hilo ni bei. Rudisha buji, zikaze kwa mkono kwanza ili usiharibu uzi wa kukazia, ndipo utumie spana.

Mafuta ya mguuni (sehemu ya chini ya mota yenye gia) yana umuhimu gani kama boti imesimama?

Yana umuhimu kuliko wakati inatembea, kwa sababu maji yaliyoingia mguuni sasa yana muda wa kula gia na rulema bila kusumbuliwa.

Weka mota wima. Fungua skrubu ya chini kwanza, halafu ya juu, yaache yatiririke. Mafuta meusi ni uzee tu. Mafuta meupe kama maziwa maana yake maji yameingia. Chanzo kinachojulikana sana kwenye ziwa hili ni uzi wa nyavu. Toa elisi uangalie nyuma yake, kwenye shafti: uzi wa nyavu za sambaza (samaki wadogo) ni mwembamba, unajizungusha, unajibana mpaka unakata mpira wa kuzibia. Mara nyingi unakuta kitita kizima kimeyeyuka na kuwa pete ngumu ya plastiki. Kitoe kwa kisu kidogo, badilisha mpira wa kuzibia, ndipo utie mafuta mapya.

Mafuta ya gia, yale ya namba 90 yanayofaa mota za boti, yanaingizwa kutoka tundu la chini hadi yatokeze juu. Ukiyamimina kutoka juu utafungia hewa ndani. Funga skrubu ya juu kwanza, ndipo utoe pompo chini na kufunga haraka. Washa za skrubu hizo, vile vipete vya kuzibia, ziwe mpya, ni vitu vya bei ya chai. Kabla ya kurudisha elisi, paka shafti grisi isiyooshwa na maji, la sivyo siku moja utahitaji nyundo.

Mota ya mipigo minne: nibadilishe mafuta kabla au baada ya kupumzika?

Kabla. Mafuta yaliyotumika yamebeba tindikali na unyevu, usiyaache yakae na chuma miezi mizima.

Niiweke wapi, na imesimamaje?

Wima, kwenye farasi wa mbao (stendi ya kutundikia mota), ili maji yote yashuke kwa uzito wake. Mota ya nje ikisimama wima hujimwaga yenyewe karibu yote. Ukilazimika kuilaza kwa ajili ya gari, kichwa kikae juu kuliko mguu, kwani maji yaliyobaki mguuni yanaweza kurudi kwa njia ya moshi hadi ndani ya silinda. Ya mipigo minne ina ubavu wake maalumu wa kulalia. Ukikosea, mafuta yanahamia yasikotakiwa.

Mahali: kivuli, hewa inapita, sakafu kavu. Usiifunge kwenye nailoni kama zawadi, unyevu wa asubuhi unabaki humo humo. Gunia au shuka kuukuu linatosha.

Jambo moja la huku kwetu. Wenye viwanja magharibi ya Goma, kuelekea Sake, wanajua mazuku: gesi ya kaboni dioksidi inayotoka ardhini na kujikusanya mabondeni na kwenye mashimo. Usichimbe stoo ya chini huko, wala usiinamie shimo kutafuta skrubu iliyoanguka. Ukikuta mijusi na wadudu wamekufa ndani ya bonde dogo, toka. Na popote pale, mota isiwashwe ndani ya kontena au chumba kilichofungwa, moshi wake una kaboni monoksidi, na hiyo haina harufu.

Batri nayo?

Itoe botini, ukianza na waya wa hasi. Osha juu yake, chaji hadi ijae (volti 12.6 hadi 12.7 ikiwa imepumzika), kisha ichaji tena kila mwezi. Ikishuka kwenye 12.4 imebaki na robo tatu hivi, usiiache ikae hapo. Paneli ndogo ya sola yenye kidhibiti inafanya kazi hiyo vizuri mahali umeme unakatika. Vichwa vya waya vipake vaselini.

Wazee husema batri isiwekwe sakafuni kwa sababu saruji inanyonya umeme. Ilikuwa na ukweli enzi za maboksi ya mbao na mpira. Batri za sasa za plastiki haziathiriki. Ukitaka kuiweka juu ya ubao ili mzee atulie, iweke.

Boti yangu ina tangi la maji, sinki na choo. Nao nifanyeje?

Huku adui ni ute wa kijani na harufu. Mwaga tangi lote, fungua bomba zote, endesha pompo ya umeme hadi ianze kutema hewa halafu uizime mara moja. Mabomba yaliyo chini kabisa yana mikunjo inayoshika maji, fungua viungio vyake. Choo kipampe maji safi hadi yatoke meupe, kisha kipampe kikiwa kikavu. Acha kila mfuniko wazi, hewa iingie.

Dawa itumie ukirudi, siku ya kujaza tena. Kama chupa ya javeli (dawa ya klorini ya kung'arishia nguo) imeandikwa asilimia 5, pima mililita 1 kwa kila lita ya maji ya tangi. Fungua kila bomba hadi unuse javeli, funga, acha saa tatu au nne, mwaga, suuza mpaka harufu iishe. Javeli isichanganywe na siki wala dawa ya choo yenye tindikali, gesi yake inaua. Na hapa naongea na akina mama wanaofanyia biashara ya chai botini: maji ya tangi hata baada ya kuosha hivyo yachemsheni.

Nimeona video wanamimina maji ya pinki ndani ya mota. Ninunue?

Usinunue. Yale ni ya kuzuia kuganda, yametengenezwa kwa propilini glikoli, na wanayatumia zaidi kwenye mota za ndani ya boti, ambazo hazijimwagi zenyewe, pamoja na mabomba ya maji ya kunywa. Yale ya kijani ya magari ni etilini glikoli, sumu, hayaingii kabisa kwenye tangi la kunywa. Kama una mota ya ndani inayopoozwa na maji ya ziwa, wewe fungua vizibo vya chini vya bloku uimwage, kisha tia waya mwembamba kwenye kila tundu. Mara nyingi tope limeziba na maji yamebaki juu yake, wewe unadhani yamekwisha.

Nimepata mota ya mtumba kutoka Ulaya. Nitajuaje kama haikupasuliwa na baridi huko?

Swali zuri, kwa sababu hapo ndipo ile nusu ya kwanza tuliyoiacha inatufuata mpaka bandarini. Mtu alisahau kumwaga maji, msimu wa baridi ukapita, mwenye mota akaiuza.

Toa kifuniko, tafuta rangi mpya kwenye sehemu moja tu, mshono wa kuchomelea, au gundi ngumu ya chuma. Pitisha ukucha kwenye kuta za bloku na mguuni, karibu na mshono wa boksi la gia: ufa wa baridi mara nyingi ni mstari mrefu mwembamba, si shimo. Fungua skrubu ya chini ya mguu mbele ya muuzaji. Akikataa, umeshajibiwa. Kwenye mipigo minne vuta kijiti cha mafuta, ukiona mafuta yenye utando kama mayonezi, acha.

Kisha pima mgandamizo wa silinda. Linganisha silinda kwa silinda: zitofautiane kwa asilimia 10 hivi, si zaidi. Namba ya kitabu usiichukue kama ilivyo, imepimwa usawa wa bahari. Hewa ya Kivu ni nyepesi kwa takriban asilimia 15, na kipimo nacho kitasoma chini kiasi hicho. Watu wamezikataa mota nzuri kwa kutojua hilo. Kwa sababu hiyo hiyo mota ya farasi 40 hapa haitoi farasi 40, na elisi yenye mwinamo mdogo kidogo inaisaidia.

Boti yenyewe niitoe majini?

Ya fiberi, ndiyo: kizibo cha nyuma wazi, pua juu, ili mvua za Machi hadi Mei zisiigeuze bwawa. Ya mbao ni tofauti. Mbao zikikauka juani zinasinyaa na viungo vinafunguka, ndipo unaona boti iliyokuwa nzima inazama siku ya kwanza. Iache majini mahali tulivu, mtu aikaushe maji kila asubuhi ya mvua, au iweke nchi kavu chini ya paa la majani.

Panya na nyigu?

Panya hupenda waya na povu la chini ya kifuniko. Ziba njia kubwa kwa kitambaa, usiache makombo ya sambaza botini. Nyigu hujenga udongo kwenye kitundu cha kijito cha maji na kwenye pumzi ya tangi, kwa hiyo funga vitambaa vyenye rangi kali kwenye matundu, uvione na kuvitoa kabla ya kuwasha.

Siku ya kurudi majini?

Toa vitambaa. Angalia tiyo ya esansi na ile pera ya kupampia: zikipasuka ukizikunja, badilisha. Tia esansi mpya, changanya kama kitabu cha mota kinavyosema (nyingi ni lita 1 ya mafuta kwa lita 50). Ndani ya pipa, washa. Moshi mweupe mwingi wa dakika za kwanza ni yale mafuta ya silinda yanaungua, usiogope. Buji zikilowa, zifute au weka mpya. Kijito cha maji kisipotoka ndani ya sekunde chache, zima: mpira wa pompo uliokaa umekunjika miezi mingi huenda umekataa kunyooka, na kuubadilisha kila mwaka kunakuokoa na hilo. Safari ya kwanza iwe karibu na ufuko, pagayi na jaketi za kuokolea zikiwemo.

Nikimwachia sentineli (mlinzi), nimpe maagizo gani?

Machache. Mara moja kwa mwezi azungushe mota kwa mkono polepole, upande wa kawaida wa kuwaka, kifungo cha usalama kikiwa kimetolewa. Akiizungusha kinyume, mapezi ya mpira wa pompo yatapinduka. Achaji batri, ainue gunia kuangalia panya. Namba ya mota iandike uwe nayo mfukoni mwako, si mwake. Na akija mtu kusema ametumwa na mwenye boti kuijaribu mota, akupigie simu kwanza.